Una lalamiko dhidi ya serikali Nairobi: uende kwa Ombudsman, Bungeni au Mahakama Kuu?

Ofisi ya umma imekukalia. Kitambulisho cha mwanao hakitoki, kaunti imekunyima leseni ya kibanda bila kusema sababu, au asubuhi mmeamka mkakuta notisi imebandikwa ukutani kwamba nyumba zitabomolewa. Ukiuliza mtaani, kila mtu ana ushauri wake. Mmoja atakwambia nenda kwa Ombudsman, tume inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, huduma ni bure. Mwingine atasema mtafute mbunge apeleke ombi Bungeni. Wa tatu, na mara nyingi ndiye mwenye hasira zaidi, atasema nenda mahakama ya Milimani uwashtaki.

Wote watatu wanasema kweli, ila kila mmoja anazungumzia kitu tofauti. Anayechagua vibaya hupoteza muda na nauli, na wakati mwingine hujifungia njia nyingine ambayo ndiyo hasa aliyoihitaji. Njia zote tatu ni haki yako chini ya Katiba iliyozinduliwa Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010. Hakuna afisa anayekufanyia hisani kwa kukupokea.

Vigezo

Jiulize kwanza: jambo hili likiisha, unataka uwe na nini mkononi? Barua ya majibu? Kitambulisho chenyewe? Tingatinga lililozuiwa? Fidia? Sheria ya kaunti iliyobadilishwa? Ukijibu hilo bila kujidanganya, kazi kubwa ya kuchagua imekwisha.

Baada ya hapo, linganisha njia hizi tatu kwa mambo matano: kila moja inapokea malalamiko ya aina gani, uamuzi wake una uzito gani, inachukua muda gani, itakugharimu nini (lugha ikiwemo), na ukianzia hapo ni njia zipi zinazofungika. Hilo la mwisho watu hulisahau, nami naliona kuwa zito kuliko gharama.

Na kabla ya njia yoyote kati ya hizi, iandikie ofisi yenyewe. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu ambaye haki yake imeguswa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Utawala wa Haki ya mwaka 2015 imekwenda mbele zaidi: afisa akiombwa sababu asizitoe, inachukuliwa kwamba aliamua bila sababu nzuri, mpaka athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo barua fupi ya kuomba sababu, nakala yake ikapigwa muhuri wa kupokelewa, ni silaha hata kama haitajibiwa kamwe. Hasa kama haitajibiwa. Ibebe popote utakapokwenda baadaye.

Kila mmoja anapokea nini

Ombudsman ni Tume ya Haki ya Utawala, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Ofisi yake kuu iko West End Towers, Waiyaki Way, na kaulimbiu yake ni "Hata mnyonge ana haki." Kazi yake ni utawala mbovu: ofisi inayochelewesha, isiyojibu barua, inayokutukana kwenye dirisha, inayotumia mamlaka vibaya, inayokutendea tofauti na jirani yako bila sababu. Lalamiko linaweza kuandikwa au kutolewa kwa mdomo, na hilo ni muhimu kwa mzee ambaye hakusoma.

Tume hii ina kazi ya pili ambayo wakazi wengi wa Nairobi hawaijui: inasimamia Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016, inayotekeleza Kifungu cha 35 cha Katiba. Raia anaweza kuiomba ofisi ya umma taarifa iliyo nayo, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kueleza anaitakia nini. Wakimnyima, analeta shauri kwa tume hii.

Bunge linapokea ombi chini ya Kifungu cha 119, kuhusu jambo lolote lililo ndani ya mamlaka yake, ikiwemo kutunga, kubadilisha au kufuta sheria. Mtu mmoja anatosha. Si lazima ukusanye sahihi elfu moja, ingawa wengi wakitia sahihi ombi husikika zaidi. Unaweza kulipeleka mwenyewe kwa Karani wa Bunge au kumpa mbunge aliwasilishe kwa niaba yako.

Hapa kuna kosa linalofanywa kila siku jijini: kupeleka Bunge la Taifa jambo la kaunti. Masoko, leseni za biashara, taka, taa za barabarani, barabara za kaunti, shule za chekechea, na hospitali kama Mama Lucy, Mbagathi na Pumwani ni kazi ya Kaunti ya Nairobi. Ombi la mambo hayo linakwenda Bunge la Kaunti, City Hall, chini ya Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012. Polisi, vitambulisho, pasipoti, shule za msingi na za sekondari, na Hospitali ya Kenyatta ni mambo ya serikali kuu, na hayo ndiyo ya Bunge la Taifa. Seneti nayo inapokea maombi, hasa yanayogusa ugatuzi. Mtu anayelilia taka za Dandora mbele ya Bunge la Taifa atasikilizwa kwa heshima, halafu ataelekezwa kwingine.

Mahakama Kuu inapokea dai kwamba haki iliyo katika Sura ya Nne ya Katiba imenyimwa, imekiukwa, au inatishiwa. Neno "inatishiwa" lina uzito wake: huhitaji kusubiri nyumba ianguke. Kifungu cha 22 kinakuruhusu kwenda kwa niaba yako, kwa niaba ya mtu asiyeweza kujitetea, kwa niaba ya kundi, au kwa maslahi ya umma. Jijini, kesi hizi husikizwa Milimani, katika kitengo cha Katiba na Haki za Binadamu. Kama mzizi wa jambo ni ardhi, nenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na kama ni ajira, nenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Hizi zina hadhi sawa na Mahakama Kuu, na kesi iliyopelekwa kwenye mahakama isiyo yake inaweza kutupwa kabla hata hujaeleza uchungu wako.

Uamuzi una uzito gani

Hapa tofauti ni kubwa, na ndipo matumaini ya watu wengi huvunjika.

Ombudsman hupendekeza. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu, iliyo juu ya mahakama zote nchini, katika kesi kati ya bodi ya kutekeleza Ruwaza ya 2030 na tume hiyo, iliamua kwamba mapendekezo ya tume hayazifungi ofisi za umma kisheria. Ofisi ikiyapuuza, tume inaweza kuripoti kwa Bunge. Wapo wanaosoma uamuzi huo na kuona kwamba tume haina maana tena. Mimi sikubaliani nao. Malalamiko mengi ya kila siku hayahitaji hukumu. Yanahitaji mtu wa ndani aandike barua ambayo karani hawezi kuitupa kwenye droo. Faili iliyolala miezi mingi inaweza kuamka kwa sababu barua imetoka kwenye tume ya kikatiba na mkuu wa idara ameulizwa kwa jina.

Kwenye mambo ya taarifa, mkono wa tume ni mzito zaidi. Inaweza kuamuru taarifa itolewe, na amri hiyo inaweza kusajiliwa Mahakama Kuu na kutekelezwa kama amri ya mahakama. Kwa hiyo tume hii ni laini kwenye lalamiko na ngumu kwenye taarifa. Mwananchi mwerevu hutumia sehemu ngumu kwanza: anaomba kumbukumbu za mkutano, orodha ya waliopewa vibanda, au hesabu ya bursari, kisha analalamika akiwa na karatasi mkononi.

Bunge nalo humaliza kwa ripoti na mapendekezo. Nguvu yake iko katikati ya safari. Kifungu cha 125 kinazipa kamati zake mamlaka kama ya Mahakama Kuu ya kumwita mtu yeyote na kudai stakabadhi. Mabunge ya kaunti yana mamlaka kama hayo chini ya Kifungu cha 195. Mawaziri wa Kenya si wabunge, tofauti na Uingereza au Tanzania, lakini Kifungu cha 153 kinawalazimu kufika mbele ya kamati wakihitajika. Fikiria mwananchi wa Kayole ambaye hajawahi kupita mlango wa katibu wa wizara, sasa anamsikiliza waziri akijibu, kwa kumbukumbu rasmi, swali lililotoka kwenye ombi lake. Hiyo si hukumu, lakini si kitu kidogo. Na kuna jambo moja ambalo ni Bunge pekee linaloliweza: kuandika upya sheria yenyewe. Mahakama inaweza kuifuta, ila haiwezi kukutungia nyingine.

Mahakama Kuu huamuru. Kifungu cha 23 kinataja: tamko la haki, zuio, agizo la muda la kulinda hali ilivyo, kutangaza sheria kuwa batili, fidia, na mapitio ya uamuzi wa kiutawala. Asiyetii anaweza kufungwa kwa kudharau mahakama. Kwa maandishi, hii ndiyo njia yenye meno kuliko zote.

Lakini tazama kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Mwaka 2011 wakazi walipata notisi ya kuhama, wakaenda mahakamani, wakapata agizo la muda. Novemba mwaka huo nyumba zao zilibomolewa hata hivyo. Mahakama Kuu iliwapa ushindi mwaka 2013, Mahakama ya Rufaa ikaupindua mwaka 2016, na Januari 2021 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo wa Rufaa na kuirudisha kesi Mahakama Kuu iamue nafuu zinazofaa. Kesi hiyo, iitwayo Mitu-Bell, sasa ni nguzo ya haki ya makazi nchini. Ilithibitisha kwamba mahakama inaweza kutoa amri za kuendelea kusimamia utekelezaji hata baada ya hukumu. Kila anayetishiwa kufukuzwa leo anasimama juu yake. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ya ubomozi alikuwa kijana mkubwa siku ya hukumu ya Mahakama ya Juu, na nadhani kila mtu anayemshauri mwenzake aende Milimani ana wajibu wa kumweleza hilo pia.

Fidia ina kikwazo chake. Ukishinda pesa dhidi ya serikali huwezi kumtuma dalali achukue magari ya wizara. Sheria ya Mashauri ya Serikali, kifungu cha 21, inakataza. Unachukua cheti cha deni, unadai, wasipolipa unarudi mahakamani kuomba amri dhidi ya afisa mhasibu. Ni kesi juu ya kesi.

Muda

Kwa Ombudsman, lalamiko la kawaida hutegemea ofisi inayolalamikiwa inajibu haraka kiasi gani. Ombi la taarifa ndilo lenye saa: siku 21 kujibiwa, na ofisi inaweza kuongeza siku zisizozidi 14, mara moja tu. Taarifa ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Ukinyimwa, una siku 30 kulipeleka kwa tume.

Bungeni, Karani ana siku saba za kukagua kama ombi limeandikwa inavyotakiwa. Likisomwa linapelekwa kwa kamati. Bunge la Taifa la 13, lililochaguliwa mwaka 2022, lina kamati maalum ya maombi ya umma. Seneti imejiwekea siku 60 za kujibu. Kumbuka kwamba Bunge huenda likizo, na uchaguzi ukikaribia maombi hukwama. Ombi lililowasilishwa mwishoni mwa muhula wa Bunge linaweza kufa nalo.

Mahakamani kuna kasi mbili. Kwa cheti cha dharura, yaani hati ya kuomba jambo lisikizwe haraka, jaji anaweza kutoa agizo la muda siku hiyo hiyo. Hakuna njia nyingine inayofanya hivyo. Hukumu kamili ni miezi, mara nyingi miaka, na rufaa huongeza. Hata ushindi unaweza kugeuka: Mahakama ya Rufaa ilitangaza Sheria ya Fedha ya 2023 kuwa batili tarehe 31 Julai 2024, na tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikaurudisha uhai wake.

Vipi kama ulichelewa? Kesi za haki za kikatiba hazina ukomo wa miaka ulioandikwa, ila utaulizwa kwa nini ulikaa kimya. Watu walioteswa enzi za utawala wa Moi kwenye vyumba vya chini vya Nyayo House walilipwa fidia miongo kadhaa baadaye, kwa sababu kila mtu alielewa kwamba kipindi hicho hakikuwa na mahakama ya kukimbilia. Aliyekaa kimya bila sababu ya aina hiyo asitegemee huruma kama hiyo.

Gharama, wakili na lugha

Ombudsman na Bunge ni bure. Kwenye ombi la taarifa unaweza kulipishwa gharama halisi ya kutoa nakala, si zaidi. Wakili hahitajiki kwa lolote kati ya hayo.

Kwa mahakama, Kifungu cha 22 kinasema hakuna ada ya kuanzisha kesi ya haki za kikatiba, na kwamba taratibu ziwe chache. Kanuni za mwaka 2013, ambazo watu wa Milimani huziita Kanuni za Mutunga kwa jina la Jaji Mkuu aliyezitoa, zinaruhusu mahakama kupokea barua, au hata maelezo ya mdomo, mradi yaonyeshe haki iliyokiukwa. Hilo ni jambo zuri sana kwenye karatasi. Kwa vitendo, upande wa pili utakuja na mawakili wa serikali, utahitaji hati ya kiapo, kuwasilisha nyaraka mtandaoni, nakala, na kusimama mbele ya jaji. Tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya mwaka 1979, mahakama zinataka useme wazi ni haki gani, kifungu gani, na imekiukwa vipi. Lalamiko la jumla kwamba "wametuonea" halifiki mbali. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016, au kutembelea Kituo cha Sheria, shirika ambalo limekuwa likiwatetea maskini wa jiji hili tangu 1973. Ukishindwa, kuna hatari ya kulipa gharama za upande wa pili, ingawa kwa kesi za kweli za maslahi ya umma mahakama kwa kawaida huacha kila upande ubebe zake.

Lugha sasa. Ombi la Bunge, kisheria, huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Ombi la taarifa vilevile. Katiba, Kifungu cha 7, imeifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Lakini Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, kifungu cha 86, inaitaja Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu. Inaniuma kwamba raia anaweza kumwandikia Spika kwa lugha yake ya taifa, kisha ashindwe kusoma kesi yake mwenyewe. Kama Kiingereza si chepesi kwako, hesabu jambo hili kabla ya kuamua kujisimamia bila wakili.

Kuhusu maneno yenyewe: ombi la Bunge lazima liwe la heshima, lisilo na kufutwafutwa, litaje jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi au alama ya kidole. Lazima liseme ulijaribu wapi kabla na kama jambo liko mahakamani. Limalizike kwa kuomba kitu kimoja kinachoeleweka. Nimesoma maombi yenye kurasa nyingi za uchungu wa haki kabisa ambayo hayaombi chochote. Kamati haiwezi kujibu ombi lisiloomba.

Na ujue kwamba ombi husomwa mbele ya Bunge na kesi husikizwa hadharani. Jina lako litajulikana. Anayeogopa kulipiziwa na chifu au na kanjo (askari wa kaunti) wa mtaa wake aanze kwa Ombudsman.

Ukianzia hapa, unafunga nini

Ukienda mahakamani kwanza, Ombudsman hawezi kuchunguza jambo ambalo tayari liko mbele ya mahakama. Sheria yake inamkataza. Bungeni nako utaulizwa kama kuna kesi, na wabunge huzuiwa kujadili mambo yaliyo mbele ya jaji. Yaani kesi moja inaweza kunyamazisha njia mbili nyingine kwa miaka.

Kinyume chake si hivyo. Ukianza kwa Ombudsman au Bungeni, mahakama bado iko wazi, na mara nyingi itakushukuru. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa 1992 katika shauri la Spika dhidi ya Njenga Karume, majaji wanasema: kama sheria imeweka utaratibu wa kutatua jambo, upitie huo kwanza. Sheria ya Utawala wa Haki inasema vivyo hivyo katika kifungu cha 9, isipokuwa kwa hali za kipekee ambazo lazima uziombe na uzieleze. Kesi nyingi njema zimezikwa kwa sababu mwenyewe aliruka ngazi: kulikuwa na baraza la rufaa la leseni, au tume, naye akapita moja kwa moja hadi Milimani.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: kama hakuna kitakachoharibika wiki hii, mahakama isiwe ya kwanza. Kama kuna kitakachoharibika wiki hii, mahakama ndiyo ya kwanza.

Polisi na mateso

Hapa njia hizo tatu si mahali pa kuanzia. Kifo au jeraha baya lililosababishwa na polisi ni kazi ya IPOA, mamlaka ya kusimamia utendakazi wa polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ambayo huchunguza na kupendekeza mashtaka. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, KNCHR, iliyo kwenye Lenana Road, huchunguza ukiukaji mwingine wa haki na inaweza hata kwenda mahakamani. Zote ni bure. Jambo la haraka ni hospitali: matibabu, kumbukumbu za daktari, fomu ya P3 (ya polisi, ya kuandikia majeraha), picha za majeraha zenye tarehe. Ushahidi wa mwili hupona upesi kuliko kesi.

Kulingana na hali yako

*Ofisi inakuzungusha tu.* Pasipoti, cheti cha kuzaliwa, pensheni, barua isiyojibiwa. Andika barua ya kuomba sababu, ipigwe muhuri, kisha Ombudsman. Mahakama kwa jambo hili ni mzigo usio wa lazima.

*Unashuku kuna ufisadi au upendeleo lakini huna karatasi.* Anza na ombi la taarifa. Wakikataa kabisa, historia iko upande wako: mwaka 2017 Katiba Institute ilinyimwa taarifa kuhusu matangazo ya serikali ya kabla ya uchaguzi, ikaenda Mahakama Kuu, na mahakama ikaamuru zitolewe.

*Kuna notisi ya kubomoa.* Angalia tarehe. Sheria ya Ardhi, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka notisi ya angalau miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu. Wakikupa chini ya hapo, usipoteze siku ukimtafuta diwani. Piga picha notisi, andika orodha ya kaya, tafuta wakili au Kituo cha Sheria, na muende Mahakama ya Mazingira na Ardhi kwa cheti cha dharura. Mkipata agizo, hakikisheni limefikishwa mkononi kwa ofisi iliyotoa notisi na kwa kituo cha polisi cha karibu, na mpate sahihi ya kupokelewa. Mitumba ilifundisha kwamba agizo pekee halizuii mashine. Agizo lenye mashahidi wa kupokelewa angalau humfanya afisa mmoja, mwenye jina, awajibike.

*Sheria yenyewe ndiyo mbaya.* Kama unataka ibadilishwe, ni Bunge: la taifa kwa sheria ya nchi, la kaunti kwa sheria ya kaunti. Kama inakiuka Katiba waziwazi, au ilipitishwa bila wananchi kushirikishwa kama Kifungu cha 10 na cha 118 vinavyotaka, ni Mahakama Kuu. Kabla ya kwenda, kusanya ushahidi kwamba mlitafuta nafasi ya kutoa maoni mkanyimwa: tangazo la gazeti, barua, tarehe ya kikao.

*Umepoteza kitu ambacho pesa pekee ndizo zinaweza kukifidia.* Mahakama, na ujiandae kwa safari ndefu ya kudai baada ya hukumu.

*Nyinyi ni kikundi.* Hapa ndipo njia hizi zinaweza kutumika pamoja, kwa mpangilio. Tuseme ni wauzaji wa soko moja Eastlands wanaotozwa ada ya kila siku na hawajui inakwenda wapi, huku choo cha soko kimefungwa. Katibu wa kikundi anapeleka ombi la taarifa kwa kaunti kuhusu makusanyo ya soko hilo na bajeti ya ukarabati. Zile siku 21 zinapohesabika, wanachama wanaandika ombi kwa Bunge la Kaunti, kwa Kiswahili, lenye maombi mawili tu: choo kifunguliwe, na ripoti ya makusanyo ibandikwe sokoni kila mwezi. Majibu ya kaunti yakija, yanaingia mbele ya kamati. Yasipokuja, barua ya kulalamika kwamba mmenyimwa taarifa inakwenda kwa Ombudsman na nakala yake kwa diwani wa wadi. Kesi inabaki akiba. Ikifika siku ya kuifungua, jaji atakuta faili yenye barua, tarehe na mihuri, na kaunti haitaweza kusema kwamba mliruka ngazi.